Mkondo Unaopungua: Kutoka Chupa ya Leiden hadi Kebo za Baharini

Kapasita isiyo na chaji ikiunganishwa na betri kupitia waya wenye ukinzani, mkondo huwa na nguvu zaidi papo hapo mwanzoni, kisha hupungua mfululizo hadi ukaribie kabisa sifuri. Mwanzoni kapasita haina volti yoyote ya kuipinga betri, kwa hiyo ni ukinzani peke yake unaoamua ukubwa wa mkondo. Chaji inapojikusanya kwenye bamba, volti ya kapasita hupanda na kushindana na betri. Mkondo hudhoofika, na kwa kuwa umedhoofika, chaji iliyobaki huingia polepole zaidi. Ukinzani kwa omu ukizidishwa kwa kapasitansi kwa faradi, jibu hutoka kwa sekunde. Kila muda huo unapopita, mkondo hubaki asilimia 37 hivi ya ulivyokuwa, na ukipita mara tano husalia chini ya asilimia 1. Betri ikiondolewa na kapasita ikapewa njia ya kujimwaga, mambo hurudi kwa mtindo uleule: mkondo mkali mwanzoni, kisha unafifia, ila safari hii unatiririka kuelekea upande wa pili.

Leo kanuni hiyo hufundishwa kwa kipindi kimoja au viwili vya fizikia. Lakini tangu kapasita ya kwanza ilipotengenezwa hadi watu walipoweza kuuona mkondo huo ukipungua, zilipita zaidi ya karne moja. Akili haikukosekana. Kilichokosekana ni kapasita kubwa ya kutosha kujaa na kujimwaga kwa mwendo ambao macho na vidole vinaweza kuufuata. Kapasita hiyo ilipatikana bila kukusudiwa, na waliokumbana nayo walikuwa mafundi wa telegrafu.

Chombo cha kwanza kilikuwa chupa. Mwezi Oktoba 1745, Ewald Georg von Kleist, kiongozi wa kanisa kuu la Kammin huko Pomerania, aligundua kwamba chupa yenye kimiminika na msumari, iliyoshikwa mkononi karibu na mashine ya kusugulia umeme, huhifadhi umeme na kumpiga kwa nguvu anayeugusa msumari. Mwanzoni mwa 1746 Pieter van Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, alipata jambo hilohilo, akamwandikia mwanasayansi Réaumur mjini Paris kwamba pigo alilolipata lilimtikisa mwili mzima na kwamba hangekubali kulirudia hata apewe ufalme wa Ufaransa. Abate Jean-Antoine Nollet aliitafsiri barua hiyo kutoka Kilatini, na chombo kikaitwa chupa ya Leiden. Mwaka huohuo Nollet aliwapanga askari walinzi 180 wakashikana mikono mbele ya Mfalme Louis XV, akaimwaga chupa kupitia miili yao. Wote waliruka kwa pamoja.

Kuruka kwa pamoja ndiko kulikoifanya sayansi ya muda wa chaji isubiri. Mjini London, William Watson alitandaza waya kuvuka mto Thames mwaka 1747, na mwaka uliofuata akaongeza umbali hadi maili kadhaa pale Shooter's Hill, akitaka kupima mwendo wa umeme. Hakuona tofauti yoyote ya wakati. Chupa ina kapasitansi ndogo mno, aghalabu chini ya sehemu moja ya milioni mia ya faradi. Ikimwagwa kupitia waya wa kawaida, kila kitu huisha kabla jicho halijapepesa. Kwa watu wa karne ya 18, kujimwaga kwa chupa kulikuwa tukio, si mwenendo wenye mwanzo, kati na mwisho.

Hata hivyo jambo moja la msingi lilieleweka mapema, na heshima yake ni ya Benjamin Franklin wa Philadelphia. Katika barua zake za mwaka 1747 kwa Peter Collinson wa London, alionyesha kwamba chupa ikijazwa haipati umeme zaidi kwa jumla: kadiri upande wa ndani unavyopokea, ndivyo upande wa nje unavyotoa. Chupa iliyowekwa juu ya nta, ambapo upande wake wa nje hauna njia ya kutokea, haiwezi kujazwa. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa suala zima la mkondo. Hakuna chaji inayopenya kioo, na bado waya za pande zote mbili huwa na mkondo ulio sawa, mmoja ukiingia bamba moja na mwingine ukitoka bamba la pili. Franklin alilijua hilo kwa mizani ya hesabu tu, hakuwa na kifaa cha kupimia mkondo. Galvanomita ilikuja baada ya 1820, pale Hans Christian Ørsted alipoonyesha kwamba waya wenye mkondo hugeuza sindano ya dira.

Kabla ya kwenda baharini, kuna tawi la historia hii lisilofaa kurukwa. Katika miaka ya 1820 Félix Savary wa Ufaransa alizitia usumaku sindano za chuma kwa umeme wa chupa za Leiden, akaona kwamba baadhi yake zilipata usumaku uliogeuka kinyume cha ilivyotarajiwa. Joseph Henry wa Marekani alilichunguza jambo hilo tena na mwaka 1842 akalieleza kwa ujasiri: mkondo wa chupa inayojimwaga hauendi upande mmoja tu, huenda na kurudi mara nyingi, kila safari ukiwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Hermann von Helmholtz alifikia wazo hilohilo mwaka 1847. Mwaka 1853 William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliliweka katika hesabu. Ukinzani wa njia ukiwa mkubwa, mkondo hupanda haraka na kushuka bila kubadili upande. Ukiwa mdogo, ukaidi wa usumaku unaouzunguka waya huusukuma mkondo kupita sifuri, kapasita ikajaa kinyume, kisha ikajimwaga tena. Miaka michache baadaye Berend Wilhelm Feddersen wa Leipzig aliipiga picha cheche ya chupa kupitia kioo kinachozunguka kwa kasi, na kwenye picha cheche moja ikaonekana kuwa mfuatano wa cheche. Mawimbi ya redio aliyoyapata Heinrich Hertz kati ya 1886 na 1888 yanatokana na kujimwaga kwa aina hiyo. Mkondo unaofifia bila kugeuka, ambao ndio mada kuu hapa, ulionekana kwa njia nyingine.

Mnamo miaka ya 1840 ilifika Ulaya gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya na visiwa vya jirani. Hulainika kwenye maji ya moto na kuwa mgumu ukipoa, na ndani ya maji ya bahari haukatiki wala kuoza kwa urahisi. Werner Siemens aliutumia Prussia kufunika waya za telegrafu zilizozikwa ardhini, na mwaka 1851 kebo iliyofunikwa kwa utomvu huo iliunganisha Uingereza na Ufaransa chini ya mlango wa bahari. Mara moja mafundi waligundua kwamba waya wa chini hauna tabia ya waya wa juu ya nguzo. Ishara fupi iliyopelekwa upande mmoja ilifika upande wa pili imerefuka na kulegea, na ishara zikifuatana haraka zilichanganyikana. Siemens aliiona hali hiyo, na huko Uingereza fundi Latimer Clark akalipeleka suala hilo kwa Michael Faraday.

Maelezo ya Faraday, yaliyotolewa Royal Institution mwezi Januari 1854, yanastahili kusomwa polepole, maana hapo ndipo kujaa na kujimwaga kwa kapasita kulipoonekana kwa macho. Kwenye kiwanda cha gutapacha kando ya mfereji wa Regent mjini London, maili 100 za waya uliofunikwa zilizamishwa majini, ncha zikabaki juu. Waya wa shaba ulikuwa na kipenyo cha sehemu moja ya 16 ya inchi, na pamoja na gamba lake sehemu 4 za 16. Faraday alipiga hesabu: uso wa shaba ulikuwa kama futi za mraba 8,300, na uso wa nje wa gamba unaogusana na maji ulikuwa futi 33,000. Shaba ni bamba moja, maji ni bamba la pili, gutapacha ni kioo. Maili zile zilikuwa chupa moja ya Leiden ya ukubwa ambao hakuna fundi wa kioo angeweza kuutengeneza.

Betri iliguswa kwenye ncha ya waya kisha ikaondolewa. Aliyeushika waya huku mwili wake ukiwa umeunganishwa na ardhi alipata pigo, lakini si la ghafla kama la chupa. Lilichukua muda. Faraday aligusa na kuachia kwa kidole haraka haraka, akapata mapigo 40 yanayohisika kutokana na chaji moja tu. Chaji iliyokuwa ikiisha kwa kufumba na kufumbua sasa ilitoka kwa vipande, na kila kipande kilikuwa dhaifu kuliko kilichotangulia. Urefu uleule wa waya ulipotundikwa hewani, hakuna hata kimoja kati ya vioja hivi kilichotokea.

Jaribio lingine lilifanywa kwenye waya za ardhini kati ya London na Manchester, zilizounganishwa kwenda na kurudi hadi kufikia maili 1,500. Galvanomita ziliwekwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Betri ilipounganishwa, sindano ya kwanza iligeuka papo hapo, ya kati ikafuata, ya mwisho ikachelewa kwa sekunde mbili hivi. Betri ilipoondolewa, ya kwanza ilirudi sifuri huku za mbele zikiendelea kuonyesha mkondo, kana kwamba betri bado ipo. Na mwanzo wa waya ulipounganishwa na ardhi mara baada ya kuondoa betri, sindano ya mwanzoni iligeuka upande wa pili: chaji ilikuwa ikitoka kwa ncha zote mbili, nyingine ikisonga mbele na nyingine ikirudi ilikotoka. Sindano hizo chache zinaonyesha karibu kila kitu ambacho kanuni ya leo inasema kuhusu kujaa na kujimwaga, na zilifanya hivyo bila mlinganyo hata mmoja.

Mlinganyo ulitoka kwa Thomson. Mwishoni mwa 1854, katika barua kwa George Gabriel Stokes, na kisha katika makala ya 1855, alionyesha kwamba umeme ndani ya kebo hufuata hesabu ileile ambayo Joseph Fourier aliitumia kwa joto linalosafiri ndani ya chuma. Kila kipande cha kebo ni kapasita ndogo inayojazwa kupitia ukinzani wa vipande vyote vilivyo nyuma yake. Mwanzoni mwa kebo mkondo huwa mkali kisha hushuka, kama ilivyo kwa kapasita yoyote. Kwenye ncha ya mbali hauonekani kwanza, kisha huanza kupanda taratibu. Matokeo yake yaliwatia hofu wenye fedha. Kebo ikirefushwa mara mbili, ukinzani huongezeka mara mbili na kapasitansi pia mara mbili, hivyo muda wa kuchelewa huongezeka mara nne: hiyo ndiyo kanuni ya mraba. Kebo ya kuvuka Atlantiki ingehitaji shaba nene ili kupunguza ukinzani na gamba nene ili kupunguza kapasitansi.

Wildman Whitehouse, tabibu aliyegeuka fundi mkuu wa umeme wa Kampuni ya Telegrafu ya Atlantiki, hakukubali. Mwaka 1856 alitangaza mbele ya chama cha wanasayansi wa Uingereza kwamba majaribio yake yanaikanusha kanuni ya mraba. Kebo ikatengenezwa kwa shaba nyembamba, ratili 107 kwa kila maili ya baharini. Ilipokamilika tarehe 5 Agosti 1858 kati ya Valentia, Ireland, na Newfoundland, salamu za Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan, maneno 98, zilichukua kama saa 16 kufika. Whitehouse aliamini kwamba ishara dhaifu huponywa kwa nguvu zaidi, akatumia makoili yaliyotoa volti zipatazo 2,000. Volti kubwa huongeza mkondo kila mahali kwa uwiano uleule, haifupishi muda wa kujaa hata kidogo. Kilichopatikana ni kuumiza gamba lililokuwa tayari na kasoro, na mwezi Septemba kebo ikanyamaza.

Kosa hilo ni la kusikitisha, kwa kuwa dawa yake ilikwisha kuandikwa na kuchapishwa. Thomson alishika njia ya pili: akikubali kwamba mkondo wa mbali hupanda polepole, mtu hana haja ya kungoja hadi ufike kileleni. Galvanomita yake ya kioo, yenye sumaku ndogo iliyobandikwa kwenye kioo chepesi kilichoning'inizwa kwa uzi wa hariri, ilirusha doa la mwanga kwenye ubao wa vipimo. Doa lilianza kusogea mkondo ulipokuwa bado sehemu ndogo tu ya kimo chake, na karani alisoma herufi kutokana na mwanzo wa mwendo huo.

Kebo ya 1866, iliyotandazwa na meli Great Eastern na kufika Heart's Content tarehe 27 Julai, ilifuata hesabu. Ilikuwa na ratili 300 za shaba na 400 za gutapacha kwa kila maili ya baharini. Kapasitansi yake ilikuwa kama theluthi ya mikrofaradi kwa maili, na ukinzani kama omu 4. Kwa kebo yenye maili karibu 1,850, zao la ukinzani wote na kapasitansi yote ni takriban sekunde 5. Kwa sababu kebo hujaa kipande kwa kipande, muda unaotawala ncha ya mbali ni kama sehemu ya kumi ya hizo, yaani nusu sekunde. Mwendo wa maneno manane hivi kwa dakika, uliofikiwa mwanzoni, unalingana na tarakimu hizo. Mwezi Septemba mwaka huohuo, kebo iliyokatika mwaka 1865 ilipookolewa na kukamilishwa, Latimer Clark aliagiza ncha mbili za Newfoundland ziunganishwe, akapeleka ishara kutoka Valentia hadi ng'ambo na kurudi. Betri yake ilikuwa kastabini ya fedha yenye matone ya asidi na kipande cha zinki. Ishara ilisomeka vizuri. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kutetea volti 2,000.

Ufundi wa miaka iliyofuata ulikuwa ufundi wa kushughulika na chaji inayobaki. Kila ishara huacha chaji ndani ya kebo, na ishara ya pili huikuta bado haijatoka. Ndiyo maana nukta na kistari havikutofautishwa kwa urefu wa muda, bali kwa mkondo chanya na mkondo hasi wa muda uleule, ili kila kimoja kisaidie kukomba mabaki ya kingine. Thomson na Fleeming Jenkin walitengeneza mashine iliyofuatisha kila pigo na pigo dogo la kinyume, kwa kazi hiyohiyo ya kukomba. Cromwell Varley alikwenda mbali zaidi: aliweka kapasita kwenye ncha za kebo. Mkondo hupita kuelekea kapasita wakati inapojaa tu, na ikijaa hukoma. Kwa hiyo mikondo ya ardhi, ambayo hubadilika taratibu sana, ilizuiwa, na ishara ndefu yenye mkia ikageuka kuwa pigo fupi. Tabia iliyowasumbua mafundi kwenye kebo iliajiriwa kuwasaidia kwenye ncha zake.

Ufundi huo ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1879. Baada ya Waingereza kushindwa na Wazulu pale Isandlwana mwezi Januari, huku habari zikichukua wiki kadhaa kufika London, kebo kutoka Aden iliharakishwa. Kabla ya mwaka kwisha, Unguja ya Sultani Barghash ilikuwa imeunganishwa na Aden upande wa kaskazini, pia na Msumbiji hadi Durban upande wa kusini. Kipande cha Aden hadi Unguja kilikuwa kirefu, na kanuni ya mraba ilitawala hapo kama ilivyotawala Atlantiki. Ujumbe ulipokewa kwa kinasa cha Thomson cha mwaka 1867, mrija mwembamba wa kioo uliochuruza wino juu ya utepe wa karatasi. Mstari ulipinda upande mmoja kwa nukta na upande wa pili kwa kistari, na mipindo haikuwa na kona kali. Ilikuwa mabonde na vilima, umbo lenyewe la kapasita inayojaa na kujimwaga, na makarani walizoea kuyasoma kama maandishi ya mkono.

Kapasitansi ikawa pia kipimo cha kazi ya kila siku. Mwaka 1861 Latimer Clark na Charles Bright walipendekeza vipimo vya umeme vipewe majina ya wanasayansi, na mkutano wa kimataifa wa Paris wa 1881 ukakubali faradi kuwa kipimo cha kapasitansi, kwa heshima ya Faraday. Faradi nzima ni kubwa kupita mahitaji, hivyo mafundi wa kebo walihesabu kwa mikrofaradi. Viwandani kila koili ya kebo ilizamishwa majini, ikajazwa chaji, ikamwagwa kupitia galvanomita, na mruko wa kwanza wa sindano ukalinganishwa na ule wa kapasita ya kawaida iliyojengwa kwa karatasi za bati na maika. Mruko mdogo au mkubwa kuliko kawaida ulikuwa dalili ya kasoro.

Baharini kipimo hicho kilisaidia kutafuta mkatiko. Shaba ikikatika ndani ya gamba ambalo bado ni zima, kupima ukinzani hakusaidii, kwa sababu hakuna njia ya mkondo kwenda ardhini. Lakini kipande kilichobaki bado ni kapasita. Fundi aliye ufukweni hukijaza, hukimwaga, husoma mikrofaradi, kisha hugawa kwa kapasitansi ya kila maili iliyoandikwa kiwandani. Jibu ni umbali hadi kwenye mkatiko, na ndiyo maili ambayo meli ya matengenezo huelekezwa kwenda kushusha nanga yake ya kuopolea.